Tulivyoamua kuhusu upasuaji wa kongosho Mama akiwa na miaka 84

Mama alianza na mwasho. Alijikuna usiku kucha, kisha macho yakawa manjano na mkojo mweusi kama strungi. Skani aliyopigwa Kisumu ilionyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, ile tezi ya kuyeyusha chakula iliyo nyuma ya tumbo, na umebana mrija wa nyongo.

Kaka yangu mkubwa, anayeishi Nakuru, alitaka apasuliwe mara moja. Harambee tayari ilikuwa imeanza. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha pale Ahero, kwa hiyo nilitaka kwanza nielewe. Nilipoingia kwa daktari wa upasuaji nilimweka kaka kwenye simu asikie yote mwenyewe. Hilo lilituepusha na ugomvi mwingi.

Upasuaji wenyewe unaitwa Whipple, kwa jina la Mmarekani Allen Whipple aliyeueleza mwaka 1935. Hukatwa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, kifuko cha nyongo na sehemu ya mrija wake, halafu vilivyobaki vinaunganishwa upya. Ni saa nyingi mezani. Kinachotisha zaidi ni pale kongosho linaposhonewa utumbo: pakivuja, maji yanayoyeyusha chakula huanza kula mishipa ya damu, na usaha hujaa tumboni. Kijana anaweza kupambana na hayo kwa wiki kadhaa. Mzee wa umri wa Mama ana moyo, mapafu na figo zilizochoka. Nimonia humkamata upesi, akili huvurugika baada ya dawa ya usingizi, na misuli huisha akiwa kitandani. Hata katika hospitali zinazoufanya mara kwa mara, hatari ya kufa hupanda kwa wazee sana.

Niliuliza, "Daktari, kidonda kikipona, atajiogesha tena?"

Alisema miaka pekee haimnyimi mtu upasuaji. Wapo wenye themanini na kitu wanaopita salama. Akamwomba Mama ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi aketi. Ilimchukua zaidi ya nusu dakika, akishika ukuta. Uzito ulikuwa umeshuka sana na protini ya damu ilikuwa chini. Kaka alinyamaza kwenye simu.

Mama mwenyewe alisema, "Niondoleeni huu mwasho nilale."

Tukachagua stenti, mrija mdogo unaopitishwa kwa kamera kupitia mdomoni ili nyongo ishuke. Kwanza alidungwa vitamini K, kwa sababu nyongo ikizuiwa mwili haunyonyi vitamini hiyo na damu haigandi vizuri. Stenti ya plastiki mara nyingi huziba baada ya miezi michache, kwa hiyo pesa za harambee zikalipia ya chuma. Mwasho ulipoa kabla hata ya manjano kuisha. Sasa anakula pamoja na kapsuli za vimeng'enya vya kuyeyusha chakula, na wauguzi wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa, wanamletea mofini ya maji kwa maumivu.

Homa ya kutetemeka au macho kuwa manjano tena ina maana stenti huenda imeziba au nyongo imeingia vijidudu. Hapo tunampeleka hospitali usiku huohuo, hatungoji kupambazuke.