Namba ya Leseni Chini ya Skrini

Miezi michache iliyopita mdogo wangu alinitumia picha ya skrini ya simu yake, ikionyesha programu ya kamari aliyokuwa ameipakua, na chini kabisa palikuwa na nembo ndogo pamoja na namba ya leseni. “Dada,” aliandika, “hii si imesajiliwa?” Alikuwa ameshinda, na kwa siku 11 mfululizo programu ilikuwa ikimwambia kwamba ombi lake la kutoa fedha linashughulikiwa. Mimi si mwanasheria, lakini kazi yangu imenizoesha kusoma mikataba, kwa hiyo nilikaa na masharti ya programu ile usiku mzima, na niliyoyajifunza tangu siku hiyo ndiyo ninayoyaandika hapa.

Sheria za nchi nyingi huutambua mchezo wa kamari kwa mambo matatu: mchezaji ametoa kitu chenye thamani, matokeo yanategemea bahati kwa kiasi kikubwa, na kuna zawadi ya kushindaniwa. Hapo hakuna utata mkubwa. Utata huanza tunapouliza ni sheria ya wapi inayotumika, kwa sababu kampuni inaweza kuwa katika nchi moja, kompyuta zake katika nchi ya pili, na mchezaji katika nchi ya tatu. Jibu ambalo nchi nyingi zimelifikia ni kutazama mahali alipo mchezaji anapobonyeza. Uingereza, kwa mfano, ilibadilisha sheria yake mwaka 2014 ili kampuni yoyote inayowahudumia wachezaji walioko huko iwe na leseni ya mdhibiti wa huko, hata kama ofisi zake ziko ng’ambo. Nchini Marekani, baada ya Mahakama ya Juu kuibatilisha mwezi Mei 2018 sheria ya shirikisho iliyoyazuia majimbo mengi kuruhusu kubeti kwenye michezo, kila jimbo lilibaki na uamuzi wake. New Jersey iliruhusu mwaka huo huo, na jirani yake New York ikachelewa kuruhusu kubeti kwa simu hadi Januari 2022. Katika miaka hiyo watu wa New York walikuwa wakivuka daraja kwenda New Jersey, wengine kwa baiskeli, wanasimama upande wa pili, wanaweka dau kwa simu zao, kisha wanarudi nyumbani. Simu ni ile ile na programu ni ile ile. Kilichobadilika ni ukingo wa mto waliosimama.

Leseni aliyonionyesha mdogo wangu ilikuwa ya kisiwa ambacho hajawahi kukikanyaga. Huenda ni leseni ya kweli kabisa, lakini haisemi lolote kuhusu mahali alipo yeye. Zaidi ya hayo, leseni hazilingani uzito. Kwa miaka mingi huko Curaçao, kisiwa cha Karibi, wenye leseni kuu walikuwa wachache, nao waliwagawia wengine leseni ndogo chini yao, mpaka ikawa vigumu kwa mchezaji kujua ni nani hasa anayemsimamia mwendeshaji wake, yaani kampuni inayoendesha mchezo. Utaratibu huo ulianza kufutwa na sheria mpya ya mwezi Desemba 2024. Katika masharti niliyoyasoma, kila mgogoro ulipaswa kupelekwa kwenye mahakama za kisiwa kile. Mtu anayedai fedha za kawaida hawezi kusafiri kwenda kuzidai huko, na naamini aliyeandika sharti hilo alilijua hilo vizuri.

Wengine hudhani kwamba duka la programu limeshawafanyia uchunguzi. Ni kweli kwamba Apple hutaka programu ya kamari ya fedha halisi iwe na leseni, na ipatikane tu katika maeneo ambako leseni hiyo inatambuliwa. Lakini duka ni kampuni ya biashara. Ukaguzi wake hauwi kibali cha serikali. Na waendeshaji wasioweza kuingia humo humtumia mchezaji faili aisakinishe mwenyewe, kama alivyofanya mdogo wangu.

Kuhusu malipo nitasema machache: Marekani, kwa sheria ya mwaka 2006, ilizitaka benki na wapitisha malipo kuzuia malipo ya kamari haramu ya mtandaoni, na Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo mwezi Aprili 2020.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote ni kasi, kwa sababu hapo ndipo simu ilipoibadilisha kamari yenyewe. Ujerumani, katika mkataba wa majimbo yake ulioanza Julai 2021, iliagiza kwamba mzunguko mmoja wa mashine ya sloti mtandaoni (mchezo wa bahati wa kuzungusha picha) udumu sekunde 5 kwa wastani, dau lisizidi euro 1, na amana za mchezaji zisizidi euro 1,000 kwa mwezi kwa waendeshaji wote kwa pamoja, isipokuwa katika hali maalumu. Uingereza iliweka sekunde 2.5 na kukataza mashine kujizungusha yenyewe, kisha mwaka 2025 ikaweka ukomo wa dau wa pauni 5, na pauni 2 kwa walio chini ya miaka 25. Nilipiga hesabu: kwa sekunde 2.5 mtu anaweza kuzungusha mara 1,440 kwa saa, na kwa pauni 5 kila mara hiyo ni pauni 7,200 zilizowekwa dau, ingawa sehemu kubwa humrudia kama ushindi kabla hajaiweka tena. Hayo ni mahali penye ukomo. Programu ya mdogo wangu haikuwa na ukomo wowote.

Nchi hizo mbili pia zina daftari la kitaifa ambalo mtu hujiandikisha ili waendeshaji wote wenye leseni wamfungie mlango, na Australia ilifungua la kwake mwezi Agosti 2023. Naliheshimu sana daftari la namna hiyo, lakini linawafunga wenye leseni ya nchi husika peke yao. Hilo nililielewa vizuri nilipompigia simu mdogo wangu kumweleza niliyoyasoma. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba alikwisha kujiandikisha kwenye daftari la huko anakoishi, waendeshaji wote halali wakamkataa, na programu ile ya kisiwani ndiyo pekee iliyompokea bila kumuuliza neno.

Fedha zake hazijalipwa hadi leo. Tulizuia malipo kwa waendeshaji wa kamari kupitia benki yake, tukaifuta programu, na kwa kuwa muda wake katika daftari unaisha mwakani, ameniomba nimkumbushe kuuongeza kabla siku hiyo haijafika.