Bi Mkunga atafuta chombo

"Bibi, wale wanaolala kwenye boti wanaendaje chooni?"

Mjukuu kaniuliza jana Forodhani, mdomo umejaa urojo, kidole kakielekeza kwenye yoti mbili zilizotia nanga mbele yetu. Nikamweleza: kuna pampu ya mkono, unavuta maji ya bahari, unasukuma, ukimaliza unafunga koki. Na koki hizo si za kufanyia mzaha, maana mpira wake ukipasuka na hukuzifunga, chombo huzama palepale kilipofungwa, bila hata upepo. Akaniangalia kama nimemwambia nilikuwa rubani.

Najua haya kwa sababu mwaka niliostaafu, kiinua mgongo kikiwa bado ni makaratasi, nilitaka kuhamia baharini.

Nyumbani habari hii huletwa Idi, watu wakishashiba, ili nichekwe. Haidhuru. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Baba yangu alikuwa mtu wa Kojani, kisiwa cha wavuvi huko Pemba. Akienda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, hatumwoni miezi, akirudi ananuka sifa, yale mafuta ya papa, na moshi, na ana habari za Mafia na Shimoni. Kaka zangu walipobaleghe waliondoka naye mmoja mmoja. Mimi nikapelekwa kusomea kuzalisha. Umri wangu wote nimevuka kwenda Pemba kwa tiketi, nimekaa na mfuko wa kutapikia mapajani. Nikasema nikistaafu, kusi inipeleke Pemba, kaskazi inirudishe Unguja, na kitanda changu niwe nacho.

Mzee, mume wangu, ambaye nyumba yake ya Mwera ilikuwa imefika lenta na haina dalili ya kwenda juu zaidi, alijibu neno moja tu: "Nungwi." Alikuwa na maana ya Septemba 2011, meli ilipozama kwenye mkondo wa huko. Nilikuwa zamu siku ile, sikuhitaji kukumbushwa. Nikamwambia ile ilipakia watu kupita kiasi, mimi nataka chombo cha watu wawili. Akanyamaza, na kwa Mzee kunyamaza hakujawahi kuwa ndiyo.

Ujuzi wangu wa bahari? Maji yakinifika kifuani, narudi pwani. Nikaanza kusoma usiku kwenye simu, nikajifunza kuogopa vitu ambavyo sikuwa nikivijua. Kwamba waya zinazoshika mlingoti hubadilishwa kila baada ya miaka kama 10 hata zikionekana nzima. Kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, na kukaa huko ikisubiri kiberiti. Hilo la gesi lilinikosesha usingizi, kisha nikajiambia hata jikoni kwangu mtungi uko chini ya meza.

Ikafika Juni, masika yamekatika, kipupwe kimeingia. Mpwa wangu wa hotelini Nungwi akanipigia: kuna Mfaransa mtu mzima anauza yoti yake, futi 36, ya faiba, magoti yamemshinda. Nikaenda, nikaipenda kwa namna ya aibu. Jiko lake lilikuwa linaning'inia, chombo kikilala upande lenyewe linabaki wima ili chungu kisimwagike. Rafu za vitabu zilikuwa na ukingo. Kitanda kiko omo, yaani mbele, na juu ya kichwa kuna dirisha la kutazamia nyota. Ningelitoa arubuni siku ileile. Lakini mtoto wa Kojani, hata kama ni wa kike na anatapika, hanunui chombo bila fundi. Nikamfuata mmoja pale pwani wanapounda majahazi, ambaye mkewe nilimzalisha.

"Bi Mkunga," akasema, "faiba si kazi yangu. Lakini maji ni yaleyale."

Tulipanda asubuhi. Fundi alivua makubadhi akayaacha kwenye kihori, ule mtumbwi mdogo uliotuleta. Kitanda hakukitazama, jiko hakuliuliza. Alichukua patasi, akaigeuza, akaanza kuigonga sitaha kwa mpini, taratibu, toka tezi, yaani nyuma, kuelekea omo, kichwa kakiinamisha. Ko. Ko. Ko. Mfaransa anamimina kahawa. Ko. Ko. Karibu na shina la mlingoti, bu. Akarudi nyuma hatua, akagonga tena. Bu. Hakusema kitu. Akazunguka mlingoti wote, huku anachora kwa chaki pale sauti ilipogeuka, na lilipokwisha lile duara lilikuwa pana kama sinia la pilau.

Kisha tukashuka ndani. Akainua ubao wa sakafu katikati ya chumba, harufu ya dizeli na unyevu ikatupanda usoni. Chini kulikuwa na maji, meusi, kina cha vidole viwili. Akachovya kidole cha shahada, akakitia mdomoni, akafumba macho.

"Onja."

"Mimi?"

"Si wewe unayenunua?"

Kazi yangu nzima nimewafokea wanafunzi wavae glavu. Najua pia kwamba matabibu wa kale walionja mkojo wa mgonjwa ili kujua kama ana kisukari, na siku zote niliposimulia hilo darasani wasichana walifunika nyuso. Nikapiga magoti pale, buibui nimelikusanya mkononi, nikachovya. Ladha ya mafuta ilitangulia. Ikaja ya kutu, kama umelamba ufunguo. Nikangoja chumvi. Haikuja.

Nikafurahi! Maji si ya bahari, basi chini hakuvuji. Nikamwambia Fundi, naye akanitazama kwa huruma.

"Yangekuwa ya chumvi, tungetafuta tundu tukaziba. Haya yametoka juu, ni ya mvua. Mti hauliwi na chumvi, Bi Mkunga, waliwa na mvua."

Akanieleza alivyoelewa yeye, na baadaye niliposoma nikaona hakukosea. Sitaha za namna ile zimetengenezwa kwa faiba juu, faiba chini, na katikati mbao nyepesi sana. Mvua huingia kwenye matundu ya skrubu, mbao zinaoza humo ndani, na kwa nje unaona rangi nyeupe inang'aa. Na mlingoti wote umesimama juu ya pale. Ndiyo maana mabaharia wa zamani walikuwa wakiosha sitaha za mbao kwa maji ya bahari na si ya kisima.

"Kidogo, kidogo tu," Mfaransa akasema kwa Kiswahili chake. Kahawa yake ilikuwa nzuri sana.

Tukiwa kwenye kihori Fundi akaongeza swali ambalo nilikuwa sijalifikiria hata kidogo. "Maji yakipwa, utakiweka wapi?" Bamvua kubwa, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, hapa hushuka karibu mita 4. Vyombo vyetu vinakaa mchangani, vinaegemezwa kwa miti, watu wanavipaka shahamu na chokaa matumboni, wanapiga kalafati, yaani wanaziba kwa pamba, penye mwanya, maji yakijaa vinaelea. Ile yoti ina mkuku, ule uti wa chini ya tumbo, mrefu kushinda kimo changu. Mchangani italala ubavu, na jiko langu la kuning'inia litalala nayo. Kwa hiyo daima ikae kwenye kina, na mimi, kila nikitaka vitunguu, nishuke kwenye kihori na ndoo na magoti yangu ambayo si bora kuliko ya Mfaransa. Zile za matumbo mawili hukaa mchangani vizuri, kama ngalawa, ila bei yake ni nyumba ya Mwera na jirani zake.

Sikununua. Bei ilishushwa, ikashushwa tena, nikakataa kila mara huku moyo unauma. Yakawa hayo.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Nasikia aliyeinunua aliipeleka Kilifi, akaibandua sitaha pale mlingotini, akaiunda upya, na sasa inatembea. Kumbe ugonjwa ulikuwa na dawa. Tena tusisahau kwamba Fundi mwenyewe anaunda mashua, na tukiwa bado kwenye kihori alikwisha niambia ana mbao za mvule zimekauka vizuri. Basi sijui kama siku ile aliniokoa au aliniuzia woga. Pengine yote mawili, naye si mtu mbaya.

Nyumba ya Mwera imeezekwa. Fundi bado hunipigia kila anapoweka mkuku mpya, namsikiliza, namwambia Inshallah. Mwezi uliopita Mzee alinipokonya simu katikati ya mazungumzo, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali: mashua ya futi 30 yalaza watu wangapi?

Fundi akamuuliza yeye: wanaokoroma ni wangapi?