Rais Alifungwa Mikono, Chifu Akabaki

Historia ya harakati za mageuzi nchini Kenya husimuliwa kwa kawaida kama mapambano dhidi ya mtu mmoja aliyekaa Ikulu, Rais Daniel arap Moi, na sababu za kuisimulia hivyo zipo. Mwaka 1982 Bunge liliingiza katika katiba kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali. Mwaka 1986 na 1988 marekebisho mengine yakamwondolea Mwanasheria Mkuu, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na hatimaye majaji kinga ya kutofutwa kazi kiholela. Na katika mchujo wa chama wa mwaka 1988 wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wagombea wao, utaratibu tunaoukumbuka kwa jina la mlolongo, ambapo foleni fupi iliweza kutangazwa mshindi mchana kweupe. Hata hivyo, ukiwasikiliza wazee wa kwetu wakizungumzia miaka ile, anayetajwa zaidi si rais bali ni chifu.

Chifu ndiye aliyekuwa serikali yenyewe. Sheria ya Mamlaka ya Machifu, ambayo mizizi yake ilikuwa katika ukoloni, ilimruhusu kutoa amri juu ya pombe, mikusanyiko na hata kazi za lazima za kuhifadhi udongo. Alikuja na kofia yake, kirungu mkononi na askari tawala nyuma yake, na mchango wa harambee ulipoitishwa, asiye na fedha alimwona kuku wake akiondoka. Jambo la kushangaza ni kwamba serikali hiyo iliyoingilia kila kitu ilijenga kidogo sana: shule nyingi za sekondari na zahanati kadha wa kadha zilisimama kwa michango hiyo hiyo ya wanavijiji. Malalamiko yao kwa hiyo yalikuwa mawili kwa wakati mmoja, kwamba serikali inatubana mno na kwamba serikali haitufanyii lolote. Nadhani mengi yaliyofuata hayaeleweki vizuri bila kuyashika yote mawili.

Harakati za mijini zilianza na lile la kwanza. Wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walitiwa kizuizini siku tatu kabla ya mkutano wa kudai vyama vingi walioupanga katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, na watu wakajitokeza bila wao. Mwishoni mwa Februari 1992, miezi michache baada ya kifungu cha 2A kufutwa, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika bustani ya Uhuru, na polisi walipowavamia baada ya siku chache mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipigwa hadi akazimia, huku baadhi ya akina mama wakivua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila aliyelelewa katika jamii zetu anaifahamu. Hawakuomba barabara wala hospitali. Waliiomba dola iwaachie watoto wao.

Makubaliano ya mwaka 1997 baina ya wabunge wa KANU na wa upinzani, yale ya IPPG (kundi la pamoja la wabunge wa vyama), yalidharauliwa na wanaharakati wengi kuwa ni usaliti uliokatiza mageuzi kamili. Mimi naona yamedharauliwa kupita kiasi. Ni hayo yaliyopunguza makali ya sheria ya machifu, na ni hayo yaliyofanya mkutano wa hadhara uhitaji taarifa kwa polisi badala ya leseni. Kwa mtu wa kijijini, badiliko hilo lilimfikia mapema kuliko katiba mpya, iliyochelewa hadi kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 baada ya rasimu ya kwanza kukataliwa mwaka 2005 na nchi kumwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007.

Katiba hiyo ilimfunga rais mikono kwa njia nyingi, lakini kinachonivutia ni upande wake wa pili. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya, makazi, chakula cha kutosha, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Harakati zilizoanza kwa kutaka serikali ipunguzwe nguvu zikaishia kuiandikia orodha ndefu ya kazi kuliko iliyowahi kuwa nayo, kisha kazi hizo zikagawanywa kati ya serikali kuu na kaunti 47, ambazo kwa pamoja zinastahili angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa.

Mgawanyo huo ulijaribiwa haraka. Madaktari walitia saini mkataba wa malipo na Wizara ya Afya mwaka 2013, mwaka ule ule kaunti zilipoanza kazi na kukabidhiwa hospitali. Mkataba ulipokosa kutekelezwa, kaunti zilisema hazikuwa sehemu ya makubaliano, na wizara ikasema waajiri sasa ni kaunti. Mgomo ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, viongozi wa chama cha madaktari wakatupwa jela kwa muda, na wagonjwa ndio waliolipia tofauti ya tafsiri kati ya ofisi mbili.

Mzunguko huo huo niliushuhudia kwa kiwango kidogo katika kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti ya kaunti moja. Afisa alisoma kwa Kiingereza kutoka kitabu kinene ambacho nakala zake hazikutosha hata safu ya mbele. Mama mmoja alisimama akauliza kwa nini zahanati yao haina glavu, hata wajawazito wanaambiwa wanunue zao. Akajibiwa kwamba fedha zimechelewa kutoka Hazina Kuu. Mzee aliyeuliza kuhusu daraja aliambiwa barabara ile si ya kaunti. Karani aliandika yote, tukatia saini fomu ya mahudhurio, tukanywa soda. Bajeti ilipopitishwa sikuona popote palipoeleza maoni yale yalikubaliwa au yalikataliwa kwa sababu gani.

Chifu, kwa upande wake, hakwenda popote. Katiba iliagiza utawala wa mikoa upangwe upya ndani ya miaka mitano. Wakuu wa mikoa wakatoweka, wakaja makamishna wa kaunti wanaoteuliwa kutoka Nairobi na kukaa mji mmoja na gavana aliyechaguliwa. Barua ya chifu bado inahitajika kwa mambo mengi, kuanzia kitambulisho hadi basari. Amepoteza kirungu, hajapoteza muhuri.

Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha uliopendekeza kodi mpya walizaliwa baada ya Saba Saba, na wengi wao walikuwa watoto wadogo katiba ilipopita. Waliutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani, wakajadili kodi ya mkate, na makumi ya watu wakauawa kabla na baada ya rais kukataa kuutia saini. Wapo waliowakejeli kwamba wanataka huduma zaidi na kodi kidogo. Kwangu walikuwa wakirudia malalamiko yale mawili ya wazee wao, wakiongeza swali la tatu: fedha zilizokwisha kutolewa zimefanya nini?

Mahakama imelijibu swali hilo nusu nusu. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, kwa hoja mojawapo kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikataa maoni ya wananchi; Oktoba, Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo, ikisema sheria hailitaki Bunge waziwazi kutoa sababu hizo. Basi itungwe sheria inayolitaka kufanya hivyo, na izibane pia kaunti: kila hoja iliyoandikwa na karani ijibiwe kwa maandishi kabla ya bajeti kupigiwa kura, na majibu yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya chifu, mahali ambapo watu wanakwenda hata hivyo.