Nilivyoanzisha daftari la ukoo wa mbwa wetu wa Goba

Nilistaafu baada ya kufanya kazi masjala kwa miaka 22, na katika muda huo nilizoea sheria moja: jalada lisilo na karatasi ya kwanza halipelekwi kwa mkubwa kutolewa uamuzi, hata kama yote yaliyomo ni ya kweli. Sikufikiri kwamba siku moja sheria hiyo ingenisaidia katika ufugaji wa mbwa.

Nyumbani kwangu Goba nafuga mbwa wa kienyeji, wale ambao wengi hapa Dar es Salaam huwaita mbwa koko. Jike wangu wa kwanza, Watasema, alikuwa wa kahawia, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, na alilinda uwanja wetu kwa uaminifu ambao sijauona kwa mbwa wengi wanaonunuliwa kwa bei kubwa. Mwaka 2019 mtoto wa dada yangu anayeishi ng'ambo aliniomba mmoja wa watoto wake, kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kama ana karatasi za ukoo. Sikuwa nazo. Mwaka huohuo nilisoma kwamba American Kennel Club, chama kikubwa cha mbwa cha Marekani, kilikuwa kimempokea Azawakh, mbwa wa wafugaji wa Sahel katika nchi za Mali, Niger na Burkina Faso. Nikajiuliza kwa uchungu: ikiwa mbwa wa Mali ameandikwa, na Basenji wa Kongo, ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, anatambuliwa huko tangu miaka ya 1940, Watasema amekosa nini?

Nilidhani kuna jopo la wataalamu linalomtazama mbwa na kusema huyu ni safi, yule si safi. Nilipoanza kusoma kanuni za vyama vya mbwa nilikuta jambo tofauti kabisa, ambalo mtu wa masjala analielewa upesi. Vyama hivi havipimi ubora wa mbwa mmoja. Vinapima kumbukumbu za kundi zima. Kile cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1884, huanza kuipokea mbegu mpya, yaani aina mpya ya mbwa, katika rejista ya awali ambayo kimekuwa nayo tangu 1995, na kabla ya kuipandisha kinataka mbwa kati ya 300 na 400 walioko nchini humo wenye ukoo ulioandikwa kwa vizazi vitatu, waliosambaa katika majimbo 20 au zaidi, pamoja na umoja wa wafugaji wenye kaya zisizopungua 100. Shirikisho la kimataifa la FCI, lililoundwa mwaka 1911 na ambalo makao yake yako Thuin nchini Ubelgiji, linataka angalau koo 8 zisizo na undugu wa karibu, kila ukoo ukiwa na madume 2 na majike 6 kwa uchache, na hata baada ya hapo mbegu hukaa katika hali ya muda kwa miaka isiyopungua 10. Maombi hayapokelewi kutoka kwa mtu binafsi kama mimi. Ni lazima yapitie chama cha nchi.

Tena vyama vyenyewe havikubaliani. Mbwa wa wachungaji wa Ubelgiji, ambaye Malinois tunayemwona hapa mjini akifanya kazi ya ulinzi ni mmoja wao, huhesabiwa na FCI kuwa mbegu moja yenye namna nne, lakini Wamarekani wanahesabu mbegu nne. Boerboel wa Afrika Kusini alipokewa Marekani mwaka 2015, ilhali FCI haijampokea. Jambo hili lilinipa moyo kuliko lolote jingine, kwa sababu lilinionyesha kwamba mpaka wa mbegu huchorwa na watu waliokaa na kukubaliana. Wafugaji waliokutana Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, mwaka 1922 kuandika sifa za mbwa aitwaye Rhodesian Ridgeback walikuwa na mbwa wa maumbo mbalimbali mbele yao, na maelezo yao waliyajenga juu ya yale ya Dalmatian, mbwa mweupe wa madoadoa. Miaka michache baadaye mbwa wao alikwishatambuliwa Afrika Kusini. Waliandika kwanza; kufanana kwa mbwa kulikuja baadaye.

Basi nikanunua kaunta buku. Kila mbwa nilimpa ukurasa wake: jina, tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, rangi, urefu wa mabega niliopima kwa futi ya fundi cherehani, na picha mbili, moja ya ubavuni na moja ya usoni. Nilianza na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambapo bwana mifugo alikuja mtaani na watu wakaleta mbwa wao kwa kamba, nami nikaketi pembeni ya meza yake nikiandika. Kijana mmoja mlinzi alinisogelea akaniuliza, "Shikamoo mama. Hivi mbwa naye anaandikiwa ukoo?" Nilimjibu kwamba ng'ombe wa maziwa anaandikiwa, na mbwa anatulinda usiku kucha. Akaenda kuniletea dume wake.

Sehemu ngumu ilikuwa safu ya baba. Mama wa mtoto hafichiki, lakini mbwa wetu huzurura usiku, na sikutaka kuandika jina la baba kwa kukisia, kwa kuwa kosa moja katika kizazi cha kwanza huharibu kila ukurasa unaofuata. Niliwaomba majirani wanaofuga wakubali jambo moja tu: jike akiingia kwenye joto afungiwe bandani kwa wiki tatu, aingizwe dume tuliyekubaliana, na uzao wowote wenye shaka uandikwe "baba hajulikani" bila aibu. Majirani Waislamu ambao hawagusi mbwa kwa sababu ya imani yao sikuwasumbua. Nilizungumza nao barazani, na wawili kati yao, wenye mbwa wa ulinzi nje ya uzio, waliwaagiza walinzi wao wanipe taarifa. Mabanda manne ya kwanza tuliyajenga kwa mabanzi na wavu wa kuku. Nyaraka za uzao tatu nilizifuta mwenyewe, baada ya kugundua kwamba lango la banda moja lilikuwa halifungi vizuri.

Jambo moja la vyama hivyo sikuliiga. Basenji waliokwenda Uingereza na Marekani walitokana na mbwa wachache mno, daftari lao likafungwa, yaani mbwa wa nje hakuruhusiwa tena kuandikwa, na maradhi ya figo yakawaandama kizazi hadi kizazi, hata wafugaji wakalazimika kurudi Kongo mwaka 1987 na 1988 kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 chama cha Marekani kikafungua daftari kuipokea. Nilisoma habari hiyo mara kadhaa. Jina lenyewe Basenji lina undugu na neno letu "washenzi", na mbwa wa jina hilo ndiye aliyeoneshwa kwenye maonyesho ya Crufts mjini London mwaka 1937. Lakini heshima hiyo ilimgharimu afya yake. Kwa hiyo daftari langu liko wazi. Mbwa wa kienyeji kutoka Madale au Bunju, akiwa na umbo tulilokubaliana na akiwa mzima, anaingia kama mwanzilishi, na safu ya wazazi wake inaachwa tupu.

Sasa tuko kaya 14, na katika daftari kuna mbwa 61 wa koo 3. Ukilinganisha na kaya 100 za Wamarekani au koo 8 za FCI, safari ni ndefu, nami nina miaka 67. Ndiyo maana nimempa binti wa jirani nakala ya pili ya daftari, naye huja kila Jumamosi tukalinganisha kurasa.

Mwezi Februari mjukuu wa Watasema alizaa watoto watano. Ukoo wa vizazi vitatu una majina 14: wazazi 2, mabibi na mababu 4, na wazazi 8 wa hao wanne. Binti alisoma majina kutoka kurasa za nyuma, mimi nikaandika, na tulipofika mstari wa mwisho tukagundua kwamba hakuna nafasi iliyobaki tupu. Nilimtumia mtoto wa dada yangu picha ya ukurasa huo.