Halua na panya wa barafu

Nilimwita Halua kwa rangi yake, hudhurungi inayong'aa kama halua ya Wete, hapa Pemba, ikiwa bado ya moto. Ni nyoka wa nyumba, yule mwembamba asiye na sumu anayekaa kwenye makuti na nyufa za kuta akiwinda panya usiku. Nilimtoa chini ya fimbo za vijana waliokuwa wakibomoa banda la jirani. Kwa miaka miwili nikamlisha panya weupe wazima niliowafuga mwenyewe, maana panya wa mtaani huwezi kujua kala sumu ya nani.

Usiku mmoja nilimtilia panya wake nikaenda kusali isha. Niliporudi, panya yuko juu ya mgongo wa nyoka, na Halua ana kidonda chini ya jicho. Alikuwa anakaribia kujivua gamba, siku ambazo aghalabu nyoka hali, na mimi sikutazama. Panya akifungiwa pamoja na nyoka asiyetaka kula, yeye ndiye anayeanza kung'ata. Nilimwosha kwa iodini niliyoizimua kwa maji, jicho likasalimika, nikaapa hakuna tena panya hai; atakula waliokwisha kuuawa, wakagandishwa, kisha wakayeyushwa.

Shida ya kwanza ikawa friza. Mama huuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa skuli. Nilipomgusia tu, alikishusha kisu cha nazi.

"Nyamafu ndani ya friza langu? Mwanangu, umeingiwa na nini?"

Sikubishana, haki yake. Nikaenda kwa ami, mvuvi wa mshipi, ambaye ana friza la chambo. "Watie huko chini ya ngisi," alisema, "ila ufunge sawasawa."

Kuwaua ndiyo kazi nisiyoipenda hadi leo. Ni pigo moja la haraka. Kuwatia kwenye friza wakiwa hai ni kuwatesa. Kila mmoja nilimfunga mfuko wake, nikamlaza bapa ili ayeyuke upesi.

Sasa Halua mwenyewe. Mara ya kwanza nilimpa panya aliyeyeyuka lakini bado baridi tumboni. Hata ulimi hakuutoa. Mara ya pili nikazidisha maji ya moto, panya akapasuka, nyumba ikanuka, na mama akasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Mara ya tatu joto lilikuwa sawa, lakini nilimtikisa panya mbele ya pua yake kwa fujo hata Halua akakimbilia chungu chake. Wiki tatu zikapita bila kula. Nilikuwa nampima kwa mizani ya unga. Uzito ulishuka kidogo sana, nikatulia. Nyoka mzima mwenye afya anastahimili njaa kuliko moyo wa anayemfuga.

Kilichofungua mlango ni mjusi kafiri. Chatu ana vishimo midomoni vya kuhisi joto. Nyoka wa nyumba hana, hutegemea zaidi harufu anayoiokota kwa ulimi, na akiwa mdogo hula mijusi. Nikamvizia mmoja nyuma ya taa ya barazani. Akaniponyoka, akaniachia mkia. Mkia ulitosha. Nikamsugulia panya kichwani na begani, nikasubiri taa zote zizimwe, nikamsogeza taratibu kwa koleo refu, kama anayetembea kando ya ukuta. Ulimi ukatoka mara tatu, nne. Kisha akaruka, akajizongomeza kama vile panya ana roho.

Mara tano zilizofuata nilipunguza harufu ya mjusi, ya sita sikuitia kabisa, akala.

Tangu hapo utaratibu wangu ni mmoja. Asubuhi namhamishia panya sehemu ya baridi ya friji dogo la ami, ndani ya kopo lenye kifuniko. Baada ya isha namweka, akiwa mfukoni, kwenye maji ya moto ya kiasi mkono unavumilia, hadi tumbo nalo liwe na joto. Asiwe mnene kuliko Halua mwenyewe. Asipoliwa usiku ule hutupwa. Kwa joto la Pemba hafiki mchana.

Umeme nao una siku zake. Tangu kebo ya baharini ya kutoka Tanga ianze kazi mwaka 2010 hatutegemei tena majenereta kama zamani, lakini ukikatika kutwa nzima, panya wakalainika, siwagandishi tena. Kuwatupa kunaniuma, maana nimewafuga mwenyewe.

Hasara kubwa kuliko zote, lakini, haikutoka kwenye umeme. Alfajiri moja ami alichukua gizani mfuko mkubwa niliotia vifuko vya panya, akidhani ni chambo, akaenda nao baharini. Aliufungua amekwisha kutia nanga. Alirudi adhuhuri bila samaki, akaniwekea panya wanane waliolainika mlangoni, akaondoka bila salamu. Siku hizi mifuko yangu naifunga uzi mwekundu.