Daftari la Ami na Mamlaka ya Afisa wa Kazi Bandarini

Ami yangu alipofariki tulikuta kwenye sanduku lake daftari la shule lenye jalada la buluu, kurasa zake zimekunjamana kwa jasho na chumvi. Kila mstari una tarehe, nambari ya gati, aina ya shehena, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mmoja unasema: “Gati 5, ngano, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi.” Pembeni ametia alama nyekundu, na alama hiyo hujirudia ukurasa baada ya ukurasa. Ndizo siku ambazo saa za ziada hazikulipwa.

Ami alikuwa kibarua Kilindini, bandari ya Mombasa, akiajiriwa na mwanakandarasi aliyepakua shehena kwa niaba ya wengine. Waajiriwa wa kudumu wa bandari walikuwa na chama na mkataba wa pamoja. Yeye alikuwa na serahangi, yaani msimamizi wa vibarua, aliyeita majina langoni, na jina lisipoitwa, siku hiyo nyumbani kwake hapakupikwa kitu cha maana. Naandika haya kwa sababu nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu waliosoma, kwamba serikali haina uwezo wa kuingilia malipo ya kibarua. Uwezo huo upo, tena ni mpana.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inampa afisa wa kazi ruhusa ya kuingia mahali popote anapoamini kwa sababu za msingi kwamba pana watu walioajiriwa, mchana au usiku, kwa nyakati zinazofaa. Inamruhusu pia kudai karatasi za mishahara na kumbukumbu nyingine za ajira, kuzichunguza na kuzinakili. Kuwahoji mwajiri na waajiriwa. Na kufungua kesi kwa niaba ya mfanyakazi aliyedhulumiwa. Kumzuia asitekeleze kazi hiyo ni kosa la jinai. Kipimo anachokitumia ni agizo la mishahara, ambalo serikali hupanga kwalo mshahara wa chini: agizo la Novemba 2024, kwa mfano, lilimpandisha kibarua wa kawaida katika miji kama Mombasa kutoka shilingi 15,201.65 hadi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Agizo la jumla la mishahara linaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52, na saa 60 kwa anayefanya kazi usiku, kisha saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mtu aliyekesha usiku sita kwa saa 12 kila usiku amefikisha saa 72. Saa 12 kati ya hizo ni za ziada, na malipo yake ni ya saa 18.

Hesabu hiyo haihitaji mwanasheria. Inachohitaji ni karatasi, na hapo ndipo penye tatizo. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya mshahara na makato yake kwa maandishi, lakini kifungu hichohicho kinamwacha nje kibarua, pamoja na anayelipwa kwa kipande cha kazi. Yaani mtu anayehitaji ushahidi kuliko wote ndiye ambaye sheria haikumpa haki ya kupewa karatasi. Naliona hili kuwa kosa kubwa la watunga sheria, na sioni kwa nini lisirekebishwe kwa kumpa kila kibarua stakabadhi mwisho wa kila zamu, ikiwa na saa alizofanya na fedha alizopokea.

Historia ya bandari hii inaonyesha gharama ya serikali kuchelewa. Mgomo wa mwaka 1939 ndio uliozaa tume ya Willan, iliyochunguza hali ya kazi Mombasa. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa iligoma tena, wa bandarini na wa reli wakiwa mstari wa mbele, na ikasimama siku 12 kabla ya jopo la Jaji Thacker kuanza kupima mishahara. Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyakazi, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini Baringo. Uchunguzi ulikuja baada ya watu kuumia. Ukaguzi wa kazi, kama unavyoelezwa katika Mkataba nambari 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya imeuridhia, unaweza kuwahi mapema: unamruhusu mkaguzi, yaani afisa wa kazi, kufika bila kutoa taarifa, saa yoyote ya usiku au mchana.

Mkataba huo una kipengele kingine ambacho nakithamini kuliko vyote: mkaguzi ni lazima afiche kabisa chanzo cha malalamiko, wala asimdokezee mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Bandarini, siri hiyo ndiyo riziki yenyewe. Kibarua aliyelalamika hafukuzwi wala haandikiwi barua. Jina lake halisomwi tu kesho yake, na hakuna wa kumshitaki kwa kunyamaza.

Ami alilalamika kwa afisa wa kazi mwaka 2013, akiwa amefanya kazi siku 26 mfululizo bila kuruka hata moja, jambo ambalo nadhani lilimweka mlangoni mwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira, kinachomgeuza kibarua wa mwezi mmoja mfululizo kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Mwanakandarasi alileta karatasi ya malipo yenye sahihi za watu ambao baadhi yao hawakuijua kalamu. Afisa aliyeishughulikia kesi hakuishia kwenye karatasi hiyo. Aliomba orodha ya lango, ambako kila pasi ya kuingia huandikwa na saa yake, akaketi na Ami mchana kutwa, daftari upande huu na orodha upande ule, wakifuata mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu. Saa zilikubaliana isipokuwa katika siku mbili, ambazo Ami mwenyewe alikiri aliziandika baadaye kwa kukumbuka.

Malimbikizo yalilipwa kwa awamu mbili. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari ameandika tarehe ya kila awamu, na safari hii kwa wino wa buluu.