Usivute kwa macho: sangara na ngasia juu ya maji

Chambo bandia kinachoelea ndicho pekee kinachokuonyesha samaki anakula kabla mkono haujahisi chochote. Unakitembeza kwenye maji matulivu nyuma ya mwamba. Maji yanavimba nyuma yake, uvimbe unakifuata mita mbili, tatu, kisha bwaa! Pale kilipokuwa pamebaki shimo na mapovu. Sijui uvuvi mwingine wa fimbo unaoiweka roho juu namna hiyo. Na samaki wengi wanaopotea hupotea papo hapo, kwa sababu mkono umetii macho.

Ili kuelewa kosa lenyewe, lazima ujue sangara anavyokula. Huyu ndiye mputa wa myalo yetu ya Uganda, mbuta kwa Wakenya. Haumi kama mbwa. Hufungua kinywa kwa ghafla na kuvuta maji, na kilichomo ndani ya maji hayo huingia nayo. Sasa chambo kinachoelea kiko nusu majini, nusu hewani. Akivuta, hewa inaingia pamoja na maji, nguvu ya kukifyonza inapungua, na mara nyingi pigo la kwanza hukisukuma tu pembeni. Mvuvi anayevuta fimbo kwa kuona maji yakiruka anakiondoa chambo mbele ya samaki ambaye bado anakitafuta. Zaidi ya hapo, chambo chenye ndoana kinaruka hewani kikimjia usoni.

Kwa hiyo kanuni ya sangara ni hii: ukiona mlipuko, endelea na mdundo uleule kana kwamba hujaona kitu. Subiri uzito. Uzito ukiingia mkononi, uzi ukakazika na kuanza kwenda upande, ndipo unapovuta fimbo kwa ubavu, usawa wa kiuno, mara mbili fupi na za nguvu. Usiinyanyue juu. Akikosa, kiache chambo kitulie sekunde mbili, kisha kitingishe kidogo mara mbili. Sangara aliyekosa mara nyingi bado yuko palepale chini yake, anageuka.

Ngasia ni habari nyingine kabisa. Samaki huyu wa Ziwa Albert na Naili iliyo chini ya Maporomoko ya Murchison, anayejulikana kwingine kama samaki-tiga, ana meno yanayopishana kama ya msumeno na kinywa cha mfupa mtupu. Hufuata kwa kasi na kukata mkia wa anachokiwinda. Ukisimamisha chambo mbele yake, anapoteza hamu. Akikosa, ongeza mwendo. Na hapa hakuna kusubiri, kwa hiyo weka uzi umekaza muda wote, ncha ya fimbo ikielekea kwenye chambo, na ukigongwa kaza mara moja. Hata hivyo utapoteza wengi, maana ndoana haipati nyama ya kushika. Akiruka, shusha ncha ya fimbo mpaka karibu na maji. Samaki anayetikisa kichwa angani huku uzi ukivutwa kutoka juu huitema ndoana kirahisi.

Kuhusu saa, mvuvi wa Uganda ana shida ambayo wenzake wa nchi za mbali na ikweta hawana: alfajiri yetu ni fupi. Jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi mwaka mzima, na kutoka giza hadi mwanga kamili ni dakika ishirini na kitu tu. Jicho la sangara hung'aa likimulikwa kama la paka, kwa kuwa limeumbwa kuona penye mwanga hafifu. Ndiyo maana dakika hizo ni zake. Ukifika majini saa 1:00 huku bado unafunga mafundo, umeshapitwa. Funga kila kitu usiku. Jua likishapanda sangara hushuka kwenye kina, na kuanzia saa 3 kuendelea kung'ang'ania chambo cha juu ni kujichosha, isipokuwa kuna mawingu mazito au uko penye kivuli cha mwamba. Ngasia huwinda kwa macho mchana, hivyo saa 2 hadi saa 4 ni muda wake mzuri.

Chini ya Maporomoko ya Murchison, Naili hubanwa kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43 hivi. Sangara wa hapo ni wenyeji. Maporomoko hayo ndiyo yaliyowazuia kupanda juu, na waliomo Viktoria na Kyoga waliwekwa na binadamu kuanzia miaka ya 1950. Usirushe katikati ya mkondo. Tafuta mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na maji yanayozunguka taratibu. Sangara hukaa upande mtulivu, pua ikielekea kwenye mstari, akisubiri mkondo umletee chakula. Chambo kianguke upande wa kasi na kiingie upande wa utulivu kama samaki mdogo aliyechoka. Mapovu yakiwa mengi, chambo kidogo hakisikiki, tumia kikubwa chenye kelele.

Kwenye Ziwa Viktoria, fuata mukene, yaani dagaa. Wakiwa juu alfajiri utaona uso wa maji unachemka kama mvua ndogo, na ndege wanazunguka. Rusha pembezoni mwa kundi hilo, kamwe si katikati, maana anayewinda huzunguka nje na chambo chako ndani ya kundi ni kimoja kati ya maelfu. Ncha za miamba za visiwa na kingo za mafunjo ni mahali pengine pa uhakika. Jinja, Naili inapotoka ziwani, chini ya mabwawa, maji hupanda na kushuka kwa kufuata mitambo ya umeme. Yanapopanda hubeba majani na magugu, na jani moja tu kwenye ndoana linaua mwendo wote wa chambo. Hapo ngoja yatulie.

Vyambo vyenyewe ni vya aina tatu hasa. Popa ana uso uliochimbwa kama kijiko, na ukimvuta sentimita 30 kwa ghafla anameza hewa na kutoa mlio wa “kub!”. Mvute, mwache sekunde mbili hadi tano, mvute tena. Akibingirika, fimbo yako iko juu mno au unavuta kwa nguvu kupita kiasi. Cha pili ni chambo cha feni, chenye panga dogo mkiani. Huyu anavutwa moja kwa moja bila ufundi, na kwenye mkondo wenye nguvu, ambapo wengine wote wanashindwa, ndiye ninayemwamini.

Cha tatu ni penseli, na kwangu ndiyo mfalme. Haina mdomo wala feni; mwendo wake wote unatoka kwenye kifundo cha mkono wako. Elekeza ncha ya fimbo chini, karibu na maji. Piga kifupi, sentimita 20 tu, kisha papo hapo rudisha ncha mbele ili uzi ulegee. Ulegevu huo ndio siri: penseli inateleza kushoto kwa sababu hakuna kinachoizuia. Pigo linalofuata linaipeleka kulia. Kila pigo, nusu mzunguko wa rili, yaani kigurudumu cha kukunjia uzi, ili kuokota uzi uliolegea na si zaidi. Mdundo ukikaa sawa unafanana na wawili wanaotwanga kinu kimoja, huyu akishusha mchi yule anapandisha. Ikienda moja kwa moja badala ya kuyumba, uzi wako hauna ulegevu. Ikichomoka na kuruka juu ya maji, mapigo ni marefu mno. Jizoeze mahali maji ni safi na samaki hakuna, ili macho yafuate chambo bila tamaa.

Kwa sangara, chukua chambo cha sentimita 14 hadi 18, gramu 40 hadi 80. Kwa ngasia, sentimita 8 hadi 11 zinatosha, kwa kuwa Ziwa Albert anamowinda limejaa muziri na ragoge, samaki wadogo.

Sasa ndoana, sehemu ambayo watu huidharau. Ndoana nyingi za kiwandani hunyooka kwa sangara wa kilo 20. Lakini ukizibadilisha na nene zaidi, gramu mbili tatu tu zinaweza kuharibu namna chambo kinavyoelea. Jaza beseni maji na ukiweke humo. Popa anatakiwa kukaa mkia chini, mdomo nusu nje ya maji. Penseli nyingi nazo hukaa zimeinama, pua juu. Kikilala pua chini, ndoana ya mbele ni nzito mno: weka iliyo ndogo kwa namba moja, au weka ndoana ya jino moja badala ya ile ya meno matatu. Mimi napendelea jino moja mbele na jino moja nyuma, kubwa, ya tumboni ikielekea mbele na ya mkiani ikielekea juu. Hushika pazuri kwenye pembe ya kinywa, hukamata magugu machache, na haziingii kiganjani mwako mbili kwa mpigo samaki anapotapatapa. Bana kimwiba cha nyuma kwa plaizi. Kisha ijaribu ncha juu ya ukucha wa kidole gumba: ikikwama ni kali, ikiteleza inoe kwa tupa ndogo. Baada ya kila mgongano na mwamba rudia jaribio hilo, sekunde kumi tu.

Uzi uwe wa kusukwa, wa kustahimili kilo 23 hadi 30, mita 200 au zaidi kwenye rili. Uzi wa kusukwa hauvutiki, na unaelea; nailoni isiyosukwa huvutika kama raba, na penseli haitatembea. Mbele yake funga lida, yaani kipande cha nailoni nene ya kilo 36 hadi 45, mita moja hadi moja na nusu. Sangara hana meno ya kukata, ila ana kinywa kikali kama msasa na mfuniko wa matamvua wenye makali ya kisu, na hapo ndipo uzi mwembamba unapokatikia. Kwa ngasia, ongeza waya mwembamba wa sentimita 15 hadi 20. Usizidishe: waya mrefu unazamisha pua ya chambo. Kwa sababu hiyohiyo usiweke kizungushio kizito mbele ya chambo. Funga kwa fundo la kitanzi, ili kiyumbe kwa uhuru.

Breki ya rili isikadiriwe kwa kuvuta na vidole. Funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza, mtu mwingine aishike, wewe vuta fimbo ikiwa imepinda. Robo ya nguvu ya uzi inatosha kuanzia: uzi wa kilo 27, breki kilo 7 hivi. Kwa ngasia, kilo 2 hadi 3. Breki iliyokazwa mno hunyoosha ndoana au kuchana kinywa katika mbio za kwanza. Iliyolegea mno humpa sangara nafasi ya kurudi kwenye miamba, na akifika huko mambo yamekwisha.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison unahitaji kibali cha uvuvi wa mchezo kutoka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA. Uingiapo huko, usisimame majini hata hadi vifundoni. Mamba wapo, namaanisha goonya, si yule samaki Waganda wanayemwita mmamba. Ukivua kutoka ukingoni, simama juu ya mwamba mbali na maji, usirudi mahali pamoja mara kwa mara, na uwe na mwenzako anayetazama maji wakati wewe unatazama chambo. Chambo cha juu kina hatari hiyo ya pekee: kinateka macho yote.

Samaki aliyeshambulia juu ya maji hakutoka kwenye kina, hivyo kibofu chake cha hewa hakijavimba na akirudishwa haraka huishi vizuri. Sangara wakubwa wengi ni majike, na jike mkubwa ana mayai mengi kuliko wadogo kadhaa kwa pamoja. Chini ya sentimita 50 sheria yenyewe inakataa. Mshike taya la chini kwa mkono wenye glavu, mkono wa pili chini ya tumbo, usimning'inize kwa taya peke yake kwani uzito wake mwenyewe unamvunja. Toa ndoana kwa plaizi ndefu. Ukiwa botini, mweke majini pua ikielekea mkondo unakotoka, umshike mpaka apige mkia mwenyewe.

Akishaondoka, pitisha lida kati ya kucha mbili kuanzia kwenye chambo kuja nyuma. Ukisikia mkwaruzo, kata hapo na ufunge upya kabla ya kurusha tena, hata kama maji mbele yako yanachemka.